HDD au SSD: kuipa kila data diski yake, na kuibadilisha bila kupoteza kitu

Laptopu inayochukua dakika nne kuwaka ikipelekwa kwa fundi Mombasa, jibu huwa moja: tia SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka. Aghalabu jibu hilo ni la sawa. Lakini mwenye duka la kanga Biashara Street anayetaka kuweka rekodi za CCTV za mwezi mzima akipewa jibu lilo hilo, amepigwa hasara. Na mpiga video wa harusi akihamisha kazi zake zote kwenye SSD moja ya bei ya chini, kisha akafuta zilizokuwa kwenye diski ya zamani kwa kudhani sasa zimesalimika, ameongeza hatari badala ya kuipunguza.

Basi kabla ya kuuliza bei, uliza data yenyewe inafanya kazi gani. Inasomwa na kuandikwa vipande vipande kutwa nzima? Inaandikwa mfululizo bila kupumzika? Au inakaa tu kabatini ikisubiri siku ya kuhitajika? Kila kazi ina diski yake.

Kinachozunguka na kisichozunguka

HDD, diski ya kuzunguka, ni santuri. Ndani mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono wenye kichwa cha kusomea. Tofauti na sindano ya santuri ni kwamba kichwa hakigusi sahani. Kinaelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko chembe ya moshi. Kikigusa, kinakwaruza, na kilichokwaruzwa hakirudi.

Udhaifu wake uko kwenye kusubiri. Sahani ya mizunguko 5,400 humaliza duara moja kwa milisekunde 11, kwa hivyo kwa wastani kichwa hungoja milisekunde 5.5 mpaka kipande kinachotakiwa kikifikie. Ongeza milisekunde kumi na kitu za mkono kusogea. Hesabu hiyo inakupa vipande vidogo kama 60 kwa sekunde, basi. SSD haina mkono wala sahani. Data imo kwenye chipu, na hata ile ya kawaida ya SATA (tundu lile lile linalotumiwa na HDD) hufikia vipande makumi ya maelfu kwa sekunde. Kuwasha Windows, kufungua kivinjari, kutafuta barua pepe, yote ni kusoma maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika. Hapo ndipo mashine ya zamani inapofufuka.

Kwa faili kubwa moja inayosomwa mwanzo hadi mwisho, pengo ni dogo. HDD ya laptopu husoma kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya SATA hukaribia MB 550. Mara tano, si mara mia tano. Filamu au rekodi ya kamera haihitaji hata MB 10 kwa sekunde kuchezwa, hivyo kuiweka kwenye SSD ni kununua kasi ambayo jicho halitaiona.

Kuna SSD za NVMe pia, zinazopita kwenye PCIe, njia ya kasi ya ubao mama, badala ya SATA: takriban MB 3,500 kwa sekunde kwa PCIe 3.0, na MB 7,000 kwa PCIe 4.0. Namba hizo hupendeza kwenye kasha. Kwa anayehariri video zinaleta tofauti. Kwa anayeandika barua na kujaza fomu za KRA, tofauti ya NVMe na SATA haihisiki. Ruka kubwa ni ile ya kutoka HDD kwenda SSD yoyote ya maana.

Joto, unyevu, chumvi na stima

Maelezo mengi ya diski yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Hapa Pwani kuna mambo manne ambayo hawayataji.

La kwanza ni joto. HDD nyingi zimepimwa kufanya kazi hadi nyuzi 60, lakini zikikaa juu ya 50 kila siku maisha yake hufupika. Wakati wa Kaskazi, chumba chenyewe kimeshafika nyuzi 32 kabla mashine haijawashwa. DVR, mashine inayorekodi kamera za CCTV, iliyofungiwa kwenye sanduku la mbao juu ya dari, chini ya mabati, huichoma HDD hata kama ni mpya na ya kampuni nzuri. Ishushe chini, toboa sanduku pande mbili, hewa ipite. SSD ya SATA haipati moto sana. NVMe ndiyo huwaka moto, na ikikaribia nyuzi 80 hujipunguzia kasi yenyewe. Ukiona NVMe mpya inaanza mbio kisha inazembea, pima joto kabla ya kumlaumu muuzaji.

La pili ni umande. Hewa ya Mombasa mwezi wa nne hubeba maji mengi kiasi kwamba kitu chochote chenye baridi ya chini ya nyuzi 23 au 24 hutoa jasho. Diski iliyolala ofisini Nyali penye kiyoyozi cha nyuzi 20, ukaibeba hadi nyumbani Likoni na kuichomeka papo hapo, inaweza kuwa imelowa kwenye viunganishi. HDD ina kitundu cha kupumulia chenye kichujio. Kinazuia vumbi, mvuke hakiuzuii. Ifunge kwenye mfuko kabla ya kutoka kwenye baridi, na ukifika iache humo saa moja ipate joto la chumba.

La tatu, chumvi. Nyumba zilizo karibu na bahari huona kutu kwenye bawaba za milango, na viunganishi vya diski haviponi. Baadhi ya HDD zinazoletwa zikiwa "zimekufa" zina tatizo kwenye vidoti vya shaba vilivyo chini ya ubao wa kijani, pale ubao unapogusana na vichwa. Vidoti vikiwa vyeusi, diski hupotea na kurudi. Ubao hushikiliwa na skrubu za Torx, T6 au T8. Ukifunguliwa, vidoti husuguliwa polepole kwa raba ya penseli kisha hufutwa kwa spiriti ya isopropili. Hilo halifungui sehemu ya sahani, kwa hivyo ni salama mradi mkono uwe mwepesi. Kebo ya SATA iliyoshika kutu usiisugue, nunua nyingine.

La nne, nalo huua diski: stima kukatika. HDD ikikatiwa umeme hutumia mzunguko uliobaki wa sahani kurudisha mkono mahali pake. Inafaulu, lakini kila mara ni kwa nguvu, na diski huhesabu. SSD haina mkono wa kurudisha, ila ina daftari lake la ndani linaloonyesha kila kipande kiko kwenye chipu gani. Umeme ukikatika daftari hilo likiandikwa, SSD za bei ya chini, ambazo hazina kapasita za kuzipa sekunde ya mwisho, huweza kuamka bila kujua chochote kiko wapi. Kompyuta ya mezani inahitaji UPS, betri ya akiba; hata ya VA 650 inatosha kukupa dakika chache za kufunga kazi. Na laptopu ambayo betri yake imekufa, ile inayoishi kwenye chaja tu, ihesabu kuwa ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Badilisha betri kabla ya kufikiria diski. Stima ikirudi, subiri dakika tatu nne kabla ya kuchomeka, maana umeme unaporudi mara nyingi huja na mruko.

Kazi kwa kazi

Laptopu ya shule, ofisi au biashara ndogo: SSD, bila mjadala. GB 240 au 256 zinatosha kwa Windows, Office na hati. GB 480 au 512 kama kuna picha. Windows itakuonyesha GB 223 kwa diski ya 240, na 465 kwa ya 500. Hujaibiwa, kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Usiijaze pomoni. SSD iliyobakiwa na nafasi chini ya asilimia 10 huanza kusuasua kwa sababu haina pa kupangia. Ikiwa mashine ina RAM ya GB 4, weka hesabu ya kuifikisha 8 wakati huo huo, la sivyo utashangaa mbona bado inakwama ukifungua kurasa kumi.

Na usidanganyike kuwa SSD itaifanya mashine kuukuu ipokee Windows 11. Hiyo inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya miaka ya karibuni, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 2025. Mashine isiyokidhi masharti hayo itafanya kazi vizuri ikiwekewa Linux.

CCTV ni kinyume chake kabisa. Piga hesabu: kamera 4, kila moja ikirekodi megabiti 2 kwa sekunde, ni megabiti 8, yaani MB 1 kwa sekunde. Kwa siku ni GB 86.4. TB 1 hujaa kwa siku 11 na nusu. Ukitaka siku 30 unahitaji kama TB 2.6, kwa hivyo nunua ya 3 au 4. Kamera 8 za megabiti 4 huandika GB 345 kwa siku.

Sasa itie SSD kwenye hesabu hiyo. Kila SSD ina kiwango cha jumla ya data inayoweza kuandikwa, kikiandikwa TBW. Kingston A400 ya GB 240 ina TBW 80. Kwa laptopu inayoandika GB 20 kwa siku, hiyo ni siku 4,000, zaidi ya miaka 10. Betri, skrini na kibodi vitatangulia. Kwa kamera 8, TB 80 huisha kwa siku 231. Weka HDD iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, mfano WD Purple au Seagate SkyHawk, zinazokusudiwa kuzunguka usiku na mchana na kuandika hadi TB 180 kwa mwaka. HDD ya kompyuta ya kawaida nayo itafanya kazi, kisha siku ya wizi utaambiwa rekodi ina mapengo. Soma pia kitabu cha DVR ujue inapokea TB ngapi kwa kila tundu la SATA.

Mpiga video anahitaji zote mbili, na hapa ndipo pesa hupotea kwa kuchagua vibaya. Kamera ya 4K inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hutoa GB 45 kwa saa. Harusi ya Mji wa Kale, kuanzia nikahi hadi kupamba na taarabu ya usiku, na kamera mbili, haikosi GB 400. Kazi inayoendelea ikae kwenye SSD. Kazi iliyokwisha ihamie HDD mbili, si moja. Kosa la kawaida ni kununua SSD ya chipu za QLC, zinazobana data nyingi zaidi kwenye kila kijumba kuliko TLC, kwa sababu ni za bei nafuu. SSD hizi zina sehemu ndogo yenye mbio ya kupokelea, na ikijaa, kasi huanguka. Samsung 870 QVO ya TB 1, kwa mfano, hupokea kama GB 42 kwa kasi kamili, kisha hushuka hadi karibu MB 80 kwa sekunde, chini ya HDD nzuri. Kwa kumwaga GB 400 kila wikendi tafuta iliyoandikwa TLC.

Nakala za kuwekwa kabatini ni kazi ya HDD. SSD hushikilia data kwa chaji za umeme zilizonaswa kwenye chipu, na chaji huvuja taratibu, haraka zaidi penye joto. Kipimo cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kwa SSD za watumiaji wa kawaida ni kwamba ikishamaliza TBW yake, ishikilie data mwaka 1 bila umeme kwa nyuzi 30. Ikiwa bado mpya hushikilia muda mrefu zaidi, lakini chumba kisicho na kiyoyozi wakati wa Kaskazi kinavuka nyuzi hizo. Kama lazima uhifadhi kwenye SSD, iwashe kila baada ya miezi michache na uiache kwenye umeme saa kadhaa. HDD ya kabatini iweke kwenye kopo linalobana na pakiti za silika, nayo iamshe mara mbili kwa mwaka isije ikagandana.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na data ni vivyo hivyo. Nakala moja haihesabiki kuwa nakala, hata iwe kwenye diski ya bei gani.

Kununua bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Tazama kwanza tundu la mashine yako. Laptopu za ex-UK za zamani kidogo huwa na nafasi ya inchi 2.5, SSD za umbo hilo ni unene wa mm 7, na HDD zilizotolewa pengine zilikuwa mm 9.5, hivyo omba fremu ya plastiki ya kujazia. Mashine kutoka kabla ya 2011 hivi huwa na SATA ya kizazi cha pili inayoishia kama MB 280 kwa sekunde. Nunua tu SSD. Utahisi tofauti vilevile.

M.2 ndiyo inayochanganya. Umbo moja, lugha mbili: kuna M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe, na tundu la laptopu huenda likajua moja tu. Yenye mapengo mawili kwenye meno kwa kawaida ni SATA, yenye pengo moja upande mmoja kwa kawaida ni NVMe, lakini thibitisha kwa maandishi ya lebo na kwa namba ya modeli ya laptopu. NVMe kwenye tundu la SATA haiungui; haionekani tu, na fundi asiyejua atakwambia ni mbovu. Urefu nao: 2280 ni upana wa mm 22 na urefu wa mm 80. Kuna mashine zinazopokea 2242 au 2230 peke yake.

SSD ya nje ya "TB 2" inayouzwa kwa bei ya flashi mara nyingi ni kadi ya simu iliyogundishwa ndani ya kasha. Inaonyesha TB 2, inapokea faili, halafu baada ya GB 32 au 64 huanza kuandika juu ya zilizotangulia bila kusema kitu. Ipime kabla ya kuiamini: H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux huijaza yote kisha husoma tena kulinganisha. TB 1 halisi kwenye USB 3.0 humaliza kuandikwa kwa saa moja au zaidi kidogo. Ikikwambia itachukua siku nzima, una jibu lako.

HDD zilizotumika za inchi 3.5 ni nyingi sokoni, na si zote mbaya. Ichomeke, fungua CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kusoma afya ya diski, soma saa za kuwa kwenye umeme. Mwaka una saa 8,760. Diski yenye saa 40,000 imekesha miaka minne na nusu, yamkini ndani ya seva au DVR. Soma pia tarehe ya lebo. Lebo ya 2016 na saa 12 tu, hesabu hizo zimefutwa na mtu. Safu za 05, C5 na C6, zinazohesabu vipande vya sahani vilivyoharibika au visivyosomeka, ziwe sifuri zote tatu. C5 ikiwa hata 1, irudishe mezani.

Kwa HDD mpya za inchi 2.5 za TB 1 na kuendelea, jua kuwa nyingi ni SMR, yaani nyuzi za data zimepandana kama vigae vya paa. Kuandika upya uzi mmoja hulazimu kuandika upya majirani. Kwa nakala za kabatini hazina shida. Kwa kazi ya kila siku huchosha.

Risiti iwe ya eTIMS, mfumo wa risiti za kodi wa KRA, na iandikwe namba ya utambulisho ya diski (serial number), kwa kuwa waranti hufuata namba hiyo.

Kubadilisha diski ya laptopu

Andaa: SSD yenyewe, kebo ya USB 3.0 kwenda SATA, bisibisi za nyota PH0 na PH1, kadi ya plastiki iliyokwisha muda ya kufungulia kifuniko, flashi ya GB 8 au zaidi, na diski ya nje ya kuwekea nakala.

1. Soma afya ya diski ya zamani kwa CrystalDiskInfo. C5 au C6 zikiwa na namba, usianze kudurufu diski nzima. Toa kwanza hati na picha muhimu kwa kunakili kawaida, maana kudurufu huisomesha diski mgonjwa kutoka mwanzo hadi mwisho na huenda ikafia njiani.

2. Weka nakala ya kila unachokithamini kwenye diski ya nje. Fungua faili tatu nne hapo ulipozinakili uone kweli zinafunguka.

3. Angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba data. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `manage-bde -status`. Ikiwa imefungwa, hifadhi ufunguo wa tarakimu 48 nje ya mashine hiyo, kisha `manage-bde -off C:` na usubiri imalize. Wengi hawajui kuwa laptopu yao imefungwa mpaka skrini ya buluu iwadai ufunguo.

4. Amua: kudurufu au kusakinisha upya. Windows iliyokaa miaka mitano na programu zisizojulikana zilikotoka ni afadhali isakinishwe upya. Leseni ya kidijitali hushikamana na ubao mama, kwa hivyo kubadilisha diski hakuipotezi. Durufu ikiwa kuna programu ya uhasibu au ya duka ambayo kuisakinisha tena ni shughuli.

5. Kwa kudurufu, Clonezilla, programu inayowashwa kutoka kwenye flashi, ni ya bure na inatosha. Chagua diski kwenda diski. SSD ikiwa ndogo kuliko HDD, kama kutoka GB 500 hadi 240, punguza kwanza kizigeu (sehemu ya diski) cha C ndani ya Windows kiingie kwenye nafasi mpya, kisha ndani ya Clonezilla chagua `-icds` na `-k1`. Hapa ndipo watu hufuta data yao kwa mkono wao: chanzo na lengo hubadilishwa. Usitegemee majina ya sda na sdb ambayo Clonezilla huzipa diski. Soma ukubwa na modeli ya kila diski, uziandike kwenye karatasi, ndipo ubonyeze.

6. Zima mashine kwa kushikilia Shift unapobofya kuzima, ili isilale usingizi wa nusu. Chomoa chaja, toa betri, au ikiwa ya ndani chomoa plagi yake mara tu ukifungua kifuniko. Bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 10 umeme uliobaki uishe.

7. Toa HDD pamoja na fremu yake na raba za pembeni. Hamishia zote kwenye SSD. Skrubu zikaze kwa vidole viwili tu, kasha la SSD nyingi ni plastiki. M.2 iingize kwa mshazari wa nyuzi kama 30 hadi meno yafike mwisho, ilaze, ndipo utie skrubu. Ikiwa meno yanaonekana nusu, haijaingia.

8. Ingia BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe, kwa kubonyeza kitufe unapowasha: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 au F2 kwa Lenovo. Ukisakinisha upya, hali ya SATA (namna mashine inavyozungumza na diski) iwe AHCI. Kama umedurufu, usiguse hali hiyo wala usibadilishe kati ya UEFI na Legacy, njia mbili za kuwasha mashine; acha ilivyokuwa kwenye diski ya zamani.

Ikiwaka, fungua dirisha la amri na uandike `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Jibu la 0 linamaanisha TRIM inafanya kazi, yaani Windows huiambia SSD vipande gani vimeachwa wazi. Usiendeshe programu za kupanga upya diski zilizotengenezwa kwa HDD. Windows yenyewe inatambua SSD na hufanya kinachofaa kwa ratiba yake.

Isipowaka, sababu huwa chache. Ujumbe INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE kwa kawaida ni hali ya SATA iliyoguswa, irudishe ilivyokuwa. Mashine isiyoona kitu cha kuwashia ni UEFI na Legacy zimepishana, au kizigeu kidogo cha mwanzo hakikudurufiwa. Na ikiwa SSD ni kubwa kuliko HDD lakini C imebaki na ukubwa wake wa zamani, kuna kizigeu cha uokoaji kimekaa kati kuziba njia. Kisogeze mwisho kwa GParted, programu ya bure ya kupanga vizigeu, ndipo upanue.

HDD iliyotoka, kama afya yake ni safi, ina kazi mbili nzuri: kasha la USB, au kwenye nafasi ya DVD kwa fremu maalumu. Pima unene wa DVD kabla ya kununua fremu. Kuna mm 12.7 na mm 9.5, na moja haiingii pahala pa nyingine.

Ikianza kufa

HDD mara nyingi huaga. Hupiga tak-tak, husitasita ukifungua folda, C5 hupanda kutoka 0 hadi 8 hadi 40. Ukiona hivyo, acha kuitumia kwa kazi, nakili vya muhimu kwanza, kisha vingine. Ikiwa inakwama kwenye kunakili, `ddrescue` ya Linux huchukua kwanza sehemu nzima na kurudia mbovu baadaye. Kuiweka kwenye friji ni kuiloweshea umande ule tuliousema. Kufungua kifuniko cha sahani "uone tu" ni mwisho wake. Vumbi moja linatosha.

C7, hesabu ya makosa ya mawasiliano kwenye kebo, ikipanda na zile nyingine ziko sifuri, kwa kawaida diski ni nzima. Kebo ndiyo mbovu.

SSD aghalabu haiagi. Leo iko, kesho BIOS haiioni. Wakati mwingine huenda kwa hali ya kusoma tu: unafungua faili lakini huwezi kuhifadhi. Hiyo ni bahati. Nakili yote siku hiyo hiyo. Iliyopotea ghafla baada ya stima kukatika, ipe umeme bila kuitumia kwa dakika 20 hadi 30, uchomoe, usubiri nusu dakika, urudie. Baadhi hujenga upya daftari lao na kuamka. Zisizoamka ni za maabara yenye vifaa vya kusoma chipu, na gharama yake hupita bei ya diski mara nyingi.

Diski unayoitupa au kuiuza ishughulikie kulingana na aina yake, hasa kama ina majina na namba za wateja, kwani Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inambana mwenye biashara, si mnunuzi wa vyuma. HDD iandikwe sifuri mwanzo hadi mwisho: `diskpart`, kisha `list disk`, chagua namba sahihi kwa `select disk`, halafu `clean all`, TB 1 huchukua saa tatu au zaidi. Kwa SSD njia hiyo haitoshi, kwa sababu SSD huficha vipande vya akiba ambavyo Windows haivifikii. Tumia amri ya kufuta ya mtengenezaji, ile iliyomo kwenye BIOS ikiwa ipo, au kwa NVMe kwenye Linux `nvme format /dev/nvme0n1 -s 1`. Iliyokufa na haisikii amri, itoboe kwa drili: HDD kupitia sahani zote, SSD kupitia kila chipu nyeusi. Fungua kasha kwanza uzione zilipo, maana ndani ya kasha la inchi 2.5 ubao mara nyingi hauzidi nusu, na tundu lililopita upande mtupu halijafuta kitu.